Dada, huo ni mkeka, si mchepuko

Pole dada. Umesema mumeo hajawahi kuwa mtu wa mpira, ila sasa anakesha na simu akifuatilia ligi ya Finland, na kwenye daftari lake umekuta "1X, GG, Over 2.5" ukahisi ni mafumbo ya mchepuko. Anabeti huyo, na mkeka ndiyo orodha ya mechi anazobashiri kwa pamoja. 1X ni mwenyeji ashinde au atoke sare, GG timu zote zifunge, Over 2.5 mabao yafike matatu au zaidi. Na kwa nini Finland? Wenzetu kule hucheza majira yao ya joto, wakati Ligi Kuu ya Uingereza iko mapumzikoni.

Kinachomnasa ni hesabu. Mechi 10 zenye odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) 1.5 kila moja zikizidishwa zinafika kama 57, yaani buku moja inaahidi zaidi ya elfu 57. Moja tu ikigoma, mkeka wote umechanika. Ndiyo maana anashangilia timu ambayo hata jezi yake haijui!

Simu yake usiipekue kisirisiri. Mwambie mkae mpitie pamoja taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Akikataa, hela ya kodi na ada za watoto ianze kupitia kwako, mengine mtazungumza baadaye.