Jibu: Taa za ziada za rivasi

Bosi, umeuliza kama unaweza kuunga taa mbili za spoti moja kwa moja kwa waya ya taa ya rivasi. Usifanye hivyo aisee, hiyo waya kwa gari nyingi imepimiwa balbu za wati 21 hivi, ukiiongezea mzigo inachemka ama fyuzi inaenda. Chukua rilei ya pini nne (swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi) pale Kirinyaga Road, Nairobi. Pini zake zina namba: 86 iende kwa waya ya rivasi, 85 kwa bodi ya gari, 30 kwa betri na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, hapo mafundi wengi huruka na waya ikichubuka ikaguse bodi gari inashika moto, halafu 87 ndio ya taa. Kwangua rangi ya bodi pale unafunga athi, yaani waya ya kurudisha umeme kwa bodi. Na tafadhali ziinamishe, usimpofushe mwenye yuko nyuma.