Bei ya Chini Ng'ambo ya Mpaka: Akiba Inayobaki ni Ipi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo mtu huokoa fedha kweli anapovuka mpaka kwenda kufanya manunuzi ya nyumbani katika nchi jirani, au hujidanganya kwa bei anayoiona rafuni. Jibu langu ni kwamba huokoa, na mara nyingine huokoa sana, ila kiasi cha akiba hiyo hutegemea sababu iliyoifanya bei ya jirani iwe ya chini. Bidhaa ileile, ya kiwanda kilekile, haiwi nafuu upande wa pili hivi hivi tu. Kuna sababu inayokuachia akiba yako yote, kuna inayokufanya uikabidhi kwa afisa wa forodha ukiwa njiani kurudi, na kuna inayoyeyuka ndani ya wiki chache bila mtu yeyote kukunyang'anya kitu. Anayevuka bila kujua ni ipi kati ya hizo anaifuata anacheza bahati nasibu na fedha za familia yake.

Sababu inayojulikana zaidi ni kodi. Serikali moja ikitoza ushuru mkubwa kwenye sukari, tumbaku au vileo na jirani yake akatoza kidogo, wateja huufuata ule unafuu hata pale ambapo gharama za kutengeneza bidhaa hizo zinalingana kabisa. Mwezi Oktoba 2011 Denmark ilianza kutoza kroner 16 kwa kila kilo ya mafuta yaliyoshiba katika vyakula kama siagi na nyama, kisha ikaifuta kodi hiyo kuanzia Januari 2013, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wananchi walikuwa wakivuka kwenda Ujerumani kununua vyakula hivyo. Ndani ya Umoja wa Ulaya unafuu wa aina hii hubaki mikononi mwa mnunuzi, kwa kuwa tangu Januari 1, 1993 mtu binafsi hulipa kodi mahali anaponunua na hadaiwi tena afikapo kwao, mradi bidhaa ni za matumizi yake na amezibeba mwenyewe. Vimewekwa vipimo vya kuwaongoza maafisa, kama vile lita 110 za bia au sigara 800, na anayevizidi anaweza kutakiwa aeleze kwamba hafanyi biashara. Nje ya miungano ya namna hiyo mambo ni tofauti, kwani unafuu uliotokana na kodi ndogo ya jirani ndio hasa ambao serikali yako inausubiri mpakani, na ndiyo maana vileo na tumbaku huwekewa viwango vya msamaha vilivyo vidogo kuliko vya bidhaa nyingine.

Ruzuku ni jambo jingine, na hapa namwomba msomaji awe mwangalifu zaidi. Serikali inapolipia sehemu ya bei ya petroli au unga, inafanya hivyo kwa ajili ya raia wake, na mgeni anayevibeba kwa wingi kwenda navyo kwao anachukua fedha za walipakodi wa nchi ile. Mara nyingi sheria huita kitendo hicho magendo, na adhabu yake hutoka upande wa unakonunua kabla hata hujaufikia upande wako. Mwezi Agosti 2015 Venezuela ilifunga sehemu kubwa ya mpaka wake na Kolombia, ikitaja magendo ya petroli na vyakula vya bei ya ruzuku. Mwaka uliofuata, mpaka ulipofunguliwa kwa saa chache mwezi Julai, makumi ya maelfu ya watu walivuka kuelekea Cúcuta, upande wa Kolombia, kutafuta vyakula na dawa vilivyokuwa vimeadimika kwao. Ndani ya mwaka mmoja tu mkondo ulikuwa umegeuka, na bei za ruzuku zilizowavutia wengi zilikuwa zimebaki za kwenye karatasi.

Sarafu nayo hubadilisha mambo kwa kasi kuliko kodi. Benki kuu ya Uswisi ilikuwa imeahidi tangu Septemba 2011 kwamba haitaruhusu yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20, kisha asubuhi ya Januari 15, 2015 ikaiondoa ahadi hiyo, faranga ikapanda thamani siku hiyohiyo hadi kukaribiana na yuro. Hakuna mwenye duka wa Ujerumani aliyebandua lebo ya bei, lakini kwa Mswisi kila kitu rafuni kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya asilimia kumi, na maduka ya miji ya mpakani kama Konstanz yakafurika wateja kutoka ng'ambo. Akiba ya namna hii ni halali na ni ya kweli, ila haina ahadi. Anayepanga bajeti ya mwaka mzima kwa kutegemea kiwango cha leo cha kubadilishia fedha, au anayenunua gari la kufuatia bei za jirani, ameweka msingi juu ya kitu asichokimiliki.

Sababu ya nne ndiyo ninayoiona kuwa na maana kubwa kuliko zote, nayo ni faida anayojiwekea muuzaji. Kampuni kubwa huuza bidhaa ileile kwa bei tofauti katika kila nchi, kulingana na ushindani uliopo na uwezo wa wateja kulipa. Unafuu unaotokana na hilo hauna uhusiano na kodi wala ruzuku, na anayeufuata hamnyimi mlipakodi yeyote haki yake. Kampuni zinalijua jambo hili vizuri, na baadhi zimejaribu kulizuia. Mwezi Mei 2019 Tume ya Ulaya iliitoza AB InBev faini ya yuro milioni 200 kwa kuzuia bia yake ya Jupiler, iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini Uholanzi, isiingizwe Ubelgiji. Mojawapo ya mbinu zilizotajwa ilikuwa kuondoa maandishi ya Kifaransa kwenye lebo za bia iliyopelekwa Uholanzi, ili iwe vigumu kuiuza Ubelgiji ambako maandishi hayo yalihitajika. Mei 2024 kampuni ya Mondelēz nayo ilitozwa yuro milioni 337.5 kwa makosa ya aina hiyohiyo katika biashara ya chokoleti, biskuti na kahawa. Faini hizo zinathibitisha kwamba mtu anayelalamika kuwa bidhaa fulani ni ghali kwao kuliko kwa jirani halalamiki bure. Safari yake ya ng'ambo ni mojawapo ya njia chache alizonazo mlaji za kuwaambia wauzaji kwamba bei zao anazijua.

Baada ya kujua sababu, inabaki safari ya kurudi. Kila nchi huweka thamani ya bidhaa ambazo msafiri anaweza kuingia nazo bila kulipa, na watu wengi huamini kwamba wakizidisha watalipia ile ziada peke yake. Sivyo ilivyo kila mahali. Uswisi ilipunguza kiwango hicho kutoka faranga 300 hadi 150 kwa mtu kwa siku kuanzia Januari 1, 2025, na anayekipita hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa thamani yote ya alichobeba. Kanada humpa mkazi wake aliyekaa nje saa 24 msamaha wa dola 200 za Kanada, naye akivuka kiasi hicho hudaiwa kwa mzigo wote. Akikaa saa 48 msamaha ni dola 800. Na aliyekwenda na kurudi siku hiyohiyo hana msamaha huo kabisa. Kwa masharti kama hayo, kitu kimoja kidogo kilichookotwa karibu na mlango wa duka kinaweza kufuta faida ya mkokoteni mzima. Kadhalika kitu kimoja cha bei kubwa hakigawanywi kati ya wasafiri wawili ili kila mmoja adai nusu yake.

Pia inafaa kutofautisha mahali bidhaa iliponunuliwa na mahali ilipotengenezwa. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, unaondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani wamewekewa cheti rahisi cha kuthibitisha asili ya bidhaa, kinachotolewa pale mpakani. Redio iliyotengenezwa bara jingine haipati asili ya Jumuiya kwa kuuzwa katika duka la jirani, na kodi nyingine za ndani hazifutwi na cheti hicho. Mabishano mengi mpakani yangekwisha mapema kama mnunuzi angesoma maandishi ya nyuma ya kifurushi kabla ya kulipa.

Kuna nchi zinazomrudishia mgeni kodi ya ongezeko la thamani anapoondoka na bidhaa, na hapa ndipo hesabu za watu wengi zinapokosewa. Ujerumani hutoza asilimia 19 kwa bidhaa za kawaida, na Mswisi anayenunua husikia kwamba atarudishiwa 19, akadhani ni punguzo la asilimia 19 ya alicholipa. Bei ya 119 ina kodi ya 19 ndani yake, hivyo anachorudishiwa ni karibu asilimia 16 ya fedha alizotoa. Kwa vyakula vingi, ambavyo kodi yake ni asilimia 7, marejesho ni kama asilimia sita na nusu. Hata hicho hakiji chenyewe: mnunuzi huomba fomu kwa mhudumu wa malipo, huijaza jina na anwani yake, huionyesha pamoja na bidhaa kwa afisa wa forodha ili ipigwe muhuri, kisha huirudisha dukani safari nyingine ndipo apewe fedha. Tangu Januari 2020 ununuzi usiozidi yuro 50 hauingii katika utaratibu huo. Anayevuka mara moja kwa mwaka na kuisahau fomu mfukoni amelipa bei kamili.

Upotevu mwingine hutokea wakati wa kulipa, na huchukua sekunde chache tu. Unaingiza kadi ya benki katika mashine, na kwenye kioo yanatokea maneno yanayokuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya dukani au kwa sarafu ya kwenu. Kiasi cha sarafu ya kwenu kinavutia kwa sababu unakielewa papo hapo, na watu walio nyuma yako kwenye foleni wanakufanya uharakishe. Ukikichagua, anayepanga kiwango cha kubadilishia fedha ni mwenye mashine, naye huongeza sehemu yake ndani ya kiwango hicho, ambapo ukichagua sarafu ya dukani hutumika kiwango cha kampuni ya kadi yako. Mimi huchagua sarafu ya dukani kila mara, na kabla ya kuondoka nyumbani huiuliza benki yangu ada inayotoza kwa malipo ya nje, maana hiyo nayo hutoka katika akiba ileile.

Gharama za safari zenyewe sitazichambua sana, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi ingawa wengi huiruka. Ikiwa tofauti ya bei ni asilimia 15 na umetumia 200, umeokoa 30. Ukitoa nauli au mafuta, maegesho na chakula cha njiani, huenda usibakiwe na kitu. Ukitumia 600 kwa safari hiyohiyo, hesabu inageuka. Anayekwenda ng'ambo kwa shughuli nyingine na kununua njiani yuko katika hali bora kuliko wote, kwa sababu safari yake imekwisha kulipiwa na jambo jingine. Tena bei zilinganishwe kwa kilo au kwa lita, kwani pakiti za nchi mbili hazilingani ukubwa hata zinapofanana rangi na picha.

Kuhusu vyombo vya umeme, ningeangalia volti na umbo la plagi, na ningetaka kujua kwa maandishi kama dhamana ya mtengenezaji inakubalika nchini kwangu, kwani kulipia safari ya pili ili kurekebisha kitu kilichoharibika ni kununua mara mbili. Dawa ningeziacha, isipokuwa kwa cheti cha daktari na baada ya kuuliza sheria za pande zote mbili. Nyama na maziwa vina masharti ya afya ya mifugo ambayo hayaangalii thamani, na kifurushi kidogo kinaweza kutaifishwa.

Linabaki suala la maduka ya nyumbani, ambalo kwangu ni zito. Sikubaliani na wanaomwita mnunuzi wa ng'ambo msaliti. Serikali zikitaka abaki, zichunguze kilichomwondoa, kama Norwei ilivyofuta kodi yake ya chokoleti na peremende kuanzia Januari 1, 2021 baada ya miaka mingi ya wateja kufuata peremende za bei nafuu Uswidi. Hata hivyo si kila mtu anaweza kuvuka. Mzee asiye na gari, mgonjwa na mzazi anayelea watoto wachanga peke yake hawana namna ya kuzifuata bei za jirani, na duka la karibu likifungwa kwa kukosa wateja, wao ndio watakaotembea mbali zaidi kutafuta mkate. Ndiyo sababu mimi huvuka mara chache, kwa bidhaa zinazokaa muda mrefu na ambazo tofauti ya bei yake ni kubwa, na vitu vya kila siku naendelea kuvinunua mtaani hata vinapozidi bei kidogo.