Pima mawazo kwa maharagwe 14

Maswali ya washauri wa afya ya akili wa Bukavu na Goma.

Swali (Kadutu): Docta, mama ninayemfuata anasema kila wiki "niko muzuri". Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Huenda anakuheshimu tu. Mpime kwa PHQ-9, fomu ya kupima huzuni, kabla hamjaanza kuzungumza, kwa sababu baada ya kikao kizuri watu hujibu kwa moyo mwepesi. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla isiyozidi 27. Kuanzia 10 huzuni inahitaji kushughulikiwa. Kuanzia 20 ni kali. Kushuka kutoka 16 hadi 14 bado si nafuu. Subiri tofauti ya alama 5. Pima kila baada ya wiki 2. Ukipima kila wiki, siku 7 unazihesabu mara mbili.

Swali la 9, la kutamani kufa au kujiumiza, lisome kabla ya kujumlisha chochote. Hata akipata 1 tu, kikao kinaanzia hapo: muulize waziwazi kama ana mpango, na kama kuna kitu cha kujidhuru karibu naye. Akikubali, asirudi nyumbani peke yake. Mwite msimamizi wako au daktari saa ile ile. Jumla ndogo isikudanganye.

Swali (Bagira): Wengi hawakusoma. Nikiwasomea maswali, ni "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho. Nifanye nini?

Jibu: Kosa si lao. Fomu haiulizi ndiyo au hapana, inauliza siku ngapi. Mwekee maharagwe 14 mezani, moja kwa siku moja, umwambie: "Siku ambazo usingizi ulikukatalia, zisukume upande huu." Akisukuma 0 au 1, andika 0 (ila kwa swali la 9, hata haragwe 1 lisipuuzwe); 2 hadi 6, andika 1; 7 hadi 11, andika 2; 12 hadi 14, andika 3. Rudisha yote katikati kabla ya swali linalofuata, la sivyo mkono utarudia ulichofanya. Maneno ya swali yawe yale yale kila mara: leo "mawazo mengi", kesho "moyo kuvunjika", hapo umepima maneno yako. Mume au mama mkwe asiwe chumbani.

Swali (Ibanda): Vikao 5 vimepita, alama imesimama kwenye 17. Niongeze vikao?

Jibu: Bado. Fungua kwanza kaye (daftari) yake ya mazoezi, anamoandika tukio, wazo lililomjia, na hisia yake kwa namba. Ikiwa tupu, zoezi lilikuwa kubwa mno. Mwombe tukio 1 tu kwa wiki, hata la kusimulia kwa mdomo. Ikiwa imejaa, tazama namba za hisia. Tuseme muuza samaki ameandika: mteja wake amepita bila kumsalimu, wazo "ananidharau", huzuni 80 kwa 100, baada ya kutafuta ushahidi, 75. Mmekata majani, mzizi upo. Muulize: "Na kama kweli anakudharau, hiyo inasema nini juu yako?" Akijibu "sina faida duniani", fanyieni kazi wazo hilo.

Lakini anayelala na milio ya risasi, au anayepigwa na mume, hofu yake si wazo potofu. Tunawasihi, msibishane nayo. Pangeni usalama wake kwanza.

Swali (Goma): Kwa kiwewe cha vita, PHQ-9 inatosha?

Jibu: Hapana, haiulizi ndoto za kutisha wala kukwepa mahali. Ongeza PCL-5, fomu ya kupima kiwewe: maswali 20, alama 0 hadi 4, jumla 80. Akifika 31 hadi 33 au zaidi, afanyiwe uchunguzi kamili. Nafuu ni alama kushuka vya kutosha, si kidogo tu. Ikipanda kidogo anapoanza kusimulia tukio, msiache tiba. Pimeni tena kikao kinachofuata. Ikizidi kupanda, mpelekee msimamizi fomu zote, si ile ya mwisho tu.