Konrodi au pistoni kwanza?

Ndugu, umeuliza uanze na pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kugongwa, si kumiminwa) au konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki, shafti inayozunguka chini), kwa injini isiyo na tabo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) unayotaka izunguke mara 9,000 kwa dakika badala ya 7,000. Anza na konrodi, na hasa bolti zake.

Nguvu inayovuta konrodi hukua kwa mraba wa kasi ya mzunguko. Kutoka 7,000 hadi 9,000 inaongezeka kwa takriban asilimia 65! Mvuto mkali zaidi huja pistoni ikifika juu mwishoni mwa kutoa moshi, kwa sababu hapo hakuna mlipuko wa kuisukuma irudi chini. Bolti ndizo zinazobeba mzigo huo. Zikikatika, konrodi inatoboa bloku. Nakusihi, wakati wa kuzikaza pima kiasi zinavyorefuka, usitegemee spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) peke yake.

Pistoni nyepesi inapunguza mzigo huo huo. Kwa kuwa huna tabo, mimi ningechukua pistoni za aloi ya alumini iitwayo 4032: ina silikoni nyingi, haitanuki sana, hivyo inakubali nafasi ndogo ndani ya silinda. Aloi nyingine ya alumini, 2618, ni ngumu kupasuka, lakini hutanuka zaidi, hivyo pistoni hugonga kuta za silinda injini ikiwa baridi.

Halafu springi za valvu, ambazo hukuzitaja kabisa. Springi dhaifu inachelewa kufunga valvu, pistoni inaigonga, na konrodi zako nzuri hazitakuokoa. Gia za pampu ya oili zikague pia, na puli ya kranki yenye mpira, ile inayopunguza mtetemo, usiitoe.