Re: Moto wa Kilimanjaro uliwaka juu, wa chini wanapoteza nini?

Mkuu, umeuliza watu wa Marangu, huko chini ya mlima, walipoteza nini wakati moto wa Oktoba 2020 uliwaka huko juu Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, mbali na migomba yao. Maji, mkuu. Wengi tunadhani theluji ndiyo inayoinywesha Uchagga, kumbe mchango wake ni mdogo. Kazi inafanywa na msitu, pamoja na ile miti mifupi ya erika iliyo juu yake. Matawi yake yamevaa mimea inayoning'inia kama ndevu. Ukungu ukipita unanaswa, unadondoka tone kwa tone, unazama ardhini, kisha unaibukia kwenye chemchemi zinazolisha mifongo (mifereji ya asili) ya vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Erika ikiungua, zinaota nyasi na vichaka vifupi, na hivyo havinasi ukungu kwa kiwango kile. Erika hairudi kwa msimu mmoja, ni miaka mingi, na Oktoba 2022 moto ukawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga.

Halafu waliopanda kuuzima 2020 si TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) peke yao. Wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wanavijiji walikuwemo, wengine na matawi mabichi tu mkononi.