Kihispania kwa Njia ya Kiswahili

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu wa mikoani, asiye na mwalimu wala chuo karibu, anaweza kujifunza Kihispania kwa nyimbo, safari na mtandao. Anaweza. Kinachowachelewesha wengi huku Kigoma na jirani zetu wa Tabora ni kupitia Kiingereza. Kozi nyingi za bure za kwenye simu zimetungwa kwa anayejua Kiingereza, na mwanafunzi anajikuta anatafsiri mara mbili kila sentensi. Kiswahili kina mengi zaidi yanayofanana na Kihispania, na anayeanzia hapo anakuta nusu ya kazi imeshafanyika.

Kwanza sauti. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo husomwa kama zetu. Herufi ñ ni ny ya "nyumba". Herufi j ni kh ya "Khadija". Herufi d ikiwa katikati ya irabu hulegea kuelekea dh, kama katika nada. Huko Hispania, z, na c iliyo mbele ya e au i, hutamkwa th ya "thelathini" katika sehemu kubwa ya nchi, lakini Amerika ya Kilatini wote hutamka s. Watu wa bara wengi husema "selasini", kwa hiyo matamshi ya Amerika ya Kilatini yatawakaa mdomoni haraka zaidi, na yanaeleweka kokote.

Mkazo nao unafanana na wetu kwa sehemu kubwa: neno linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda silabi ya mwisho, na penye kinyume cha hapo huwekwa alama, kama canción na teléfono. Alama hiyo si pambo. Hablo ni "ninaongea", habló ni "aliongea".

Tunakwama sehemu tatu. Ya kwanza ni kuongeza irabu mwishoni: amor inakuwa "amori", ciudad inakuwa "siudadi". Ya pili ni kuzitenga irabu zinazopaswa kwenda pamoja: bueno ina silabi mbili, bue-no, wala si tatu. Ya tatu ndiyo nzito, nayo ni l na r. Lugha nyingi za nyumbani huku kwetu hazizitengi kama Kiswahili sanifu kinavyozitenga, na Kihispania kinadai sauti tatu: pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. Hora ni saa, ola ni wimbi. Caro ni ghali, carro ni gari. R ya mwanzo wa neno nayo hutetemeshwa kama rr. Jirekodi kwa simu ukisoma jozi hizi, kisha siku ya pili sikiliza bila kuangalia karatasi uandike unachosikia. Ukiandika pelo mahali ulipokusudia pero, usiendelee na msamiati mpya kwanza. Rudia jozi hizo dakika tano kila siku mpaka sikio na ulimi vikubaliane.

Hapa ndipo uchaguzi wa nyimbo unapokuwa jambo kubwa. Wengi huanza na muziki wa Karibi kwa sababu unachezeka, bila kujua kwamba Puerto Rico, Kuba na Jamhuri ya Dominika humeza s ya mwisho wa silabi, na kwamba Puerto Rico r ya mwisho wa silabi mara nyingi husikika kama l. Para inafupishwa kuwa pa', na -ado inakuwa -ao. Mtu ambaye tayari l na r zinamsumbua anazidi kuchanganyikiwa. Anza na bolero, muziki uliozaliwa Kuba mwishoni mwa karne ya 19 na kukita mizizi Meksiko, hasa ulioimbwa na Wameksiko: ni wa taratibu, maneno yanasikika moja moja, na mashairi yake yana sentensi kamili. Fuatisha nyimbo za ranchera za Meksiko. Salsa na reggaeton zisubiri.

Neno kwa waliolelewa na rumba ya Kongo, ambao mwambao wa Ziwa Tanganyika umewajaa. Kuanzia 1933 sahani za santuri za mfululizo ulioitwa GV zilipeleka nyimbo za Kuba Afrika, na bendi za Kongo zikaziiga mpaka kwenye maneno. Kwa mdundo, masikio yenu yako tayari. Lakini msichukue msamiati humo, kwa sababu maneno mengi ya nyimbo za miaka ya 1950 yalitungwa yasikike kama Kihispania tu.

Wimbo mmoja wa dakika tatu unatosha wiki nzima. Siku ya kwanza usikilize mara tatu bila maandishi, uandike maneno unayoyakamata hata kama ni manne. Siku ya pili fungua mashairi yake, ulinganishe, na upige mstari pale sikio lilipokudanganya. Siku ya tatu soma mashairi kwa sauti bila kuimba, maana muziki huweza kuhamisha mkazo, na anayeimba kabla ya kusoma huzoea mkazo wa uongo. Halafu punguza kasi hadi 0.75, imba ubeti mmoja mmoja pamoja na mwimbaji. Mwisho wa wiki chukua mistari kati ya minane na kumi, mistari mizima na si neno pekee, uiweke kwenye kadi za AnkiDroid, programu ya bure kwa simu za Android inayokurudishia kadi kwa nafasi zinazoongezeka. Nyimbo hata hivyo hazitakufundisha kuuliza bei ya nauli. Zimejaa mimi na wewe, mapenzi na machozi. Zitengenezee sikio na ulimi, mengine yatafute kwingine.

Kwingine huko ni mtandao, na hapa tena Kiswahili kinatosha. Umoja wa Mataifa, BBC na DW wote hutoa habari kwa Kiswahili na kwa Kihispania. Soma habari kwanza kwa Kiswahili, kisha itafute upande wa Kihispania. Si tafsiri ya neno kwa neno, lakini majina, namba na mahali vitakushika mkono. Kwa anayeanza kabisa, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 lina vifungu 30 na limetafsiriwa katika lugha zote mbili, kwa hiyo kifungu kimoja kwa siku kinamaliza mwezi. Video za Dreaming Spanish za ngazi ya chini ni Kihispania kitupu pamoja na michoro na ishara, hazidai Kiingereza. Kuhusu bando, sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula MB 29 hivi kwa saa, video inakula mara kadhaa ya hiyo. Pakua sauti kabla ya kupanda treni: kati ya Tabora na Kigoma ni kilomita 400 hivi za reli, na kuna sehemu mtandao hupotea.

Sarufi ndiyo inayonifanya nisisitize njia ya Kiswahili. "Nakupenda" ni te quiero: ile -ku- ni te, nayo inatangulia kitenzi kama kwetu. Nafsi imo ndani ya kitenzi, ila Kihispania huiweka mwishoni: hablo, hablas, habla. Usiseme yo kila sentensi, kama vile usivyosema "mimi ninaongea" kila mara. Upatanisho wa ngeli tunao tangu utotoni, na wao wana jinsi mbili tu: las mesas rojas, los libros rojos. Jifunze kila nomino pamoja na el (ya kiume) au la (ya kike) yake, na ushike mapema el problema, el día na la mano, ambazo mwisho wake hudanganya kuhusu jinsi. Hata lile umbo linalowatesa wanaotoka kwenye Kiingereza, sisi tunalitumia jikoni kila siku: "nataka aongee" ni quiero que hable. Vitenzi vya -ar huchukua e, vya -er na -ir huchukua a. Tahadhari ni kwenye ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa": "ni mwalimu" ni es, "yuko Tabora" ni está, lakini "ni mgonjwa" ni está pia, kwa kuwa hiyo ni hali.

Nchi huru ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha rasmi ni moja, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Ni mbali na ni ghali. Safari yenye faida ni ya hapa hapa: boti za kwenda kwenye hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale hubeba wageni, na baadhi yao ni wa lugha hiyo. Anayeongoza watalii aandae sentensi ishirini za kazi yake, akitumia ustedes, yaani "ninyi", ambayo ni ya heshima Hispania na ya kawaida Amerika ya Kilatini. Mantengan diez metros de distancia, kaeni umbali wa mita 10. No coman aquí, msile hapa. Kisha muulize mgeni, ¿lo he dicho bien?, yaani "nimesema sawa?", naye atakusahihisha papo hapo.

Saa ndizo zinazoleta hasara. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa moja asubuhi ni las siete. Ukimwambia mgeni boti inaondoka a la una, atafika saa saba mchana. Andika 7:00 kwenye karatasi, mwoneshe, ndipo utamke a las siete de la mañana.

Msomaji, Kigoma