Bushi Mpya Kuchanika Kabla ya Mwaka

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Toyota IST huku Muheza. Nikipita kwenye rasta au mashimo, mbele kunagonga "ko ko ko", na nikikanyaga breki gari linavuta pembeni. Mwaka jana nilibadilisha bushi za arm (mipira ya ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi la mbele), na sasa zimechanika tena. Fundi mmoja anasema ninunue arm nzima, wa pili anataka azipulizie oili chafu zilainike, wa tatu azifunge kwa mpira wa tyubu. Nimsikilize nani?
Dereva, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa oili chafu usimruhusu kabisa. Oili na dizeli huvimbisha mpira wa bushi, unalegea na kubanduka kwenye chuma. Tyubu nayo haisaidii, maana mzigo unabebwa ndani ya bushi na huko tyubu haifiki.

Kinachoniuma ni hizo bushi za mwaka jana, kwa sababu naliona jambo hili gereji nyingi. Muulize aliyezifunga: bolti za arm alizikaza gari likiwa wapi? Bushi ina bomba la chuma ndani na jingine nje, na mpira katikati umegandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Hakuna kinachozunguka humo. Arm ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga kidogo kisha unarudi. Gari likiwa juu ya jeki, tairi linaning'inia na arm imeinama chini. Ukikaza bolti hapo, umelibana bomba la ndani katika mkao huo. Ukishusha gari, arm inapanda, na mpira unabaki umenyongwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo linaunyonga zaidi, mwisho unapasuka. Mwenye gari analaumu spea, kumbe spea huenda ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo mwambie fundi kabla hajashika spana: bolti azifunge kwa mkono tu, ashushe gari likae kwa matairi yake, alisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo akaze kwa nguvu akiwa kwenye shimo la gereji. Kama hana shimo, aweke jeki chini ya arm upande wa tairi, aipandishe mpaka ibebe uzito wa gari, akaze hapo, huku gari limeegemea stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe na mtu aliyelala chini.

Kuhusu arm nzima, anza na bolijointi, kile kiungo cha mviringo kwenye ncha ya arm upande wa tairi. Ikiwa nayo inacheza, huyo wa kwanza ana hoja, nunua nzima. Ikiwa imara na arm haijapinda, badilisha bushi tu, ila zitolewe na kuingizwa kwa mashine ya presi. Nyundo hupindisha bomba na kuumiza mpira kabla gari halijatoka gereji. Bushi ya zamani isitolewe kabla hamjaweka alama ilivyokuwa imeelekea, kwa sababu zile zenye matundu kwenye mpira zina mwelekeo wake. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja.

Kabla ya hayo yote, shika linki za stabilaiza, vile vifimbo vinavyounganisha chuma cha kuzuia gari kulala upande, uzitikise. Mara nyingi mlio wa "ko ko ko" kwenye matuta madogo hutoka huko, na linki ni kazi nyepesi. Lakini kuvuta pembeni kwenye breki hakuponi kwa linki. Bushi zilizochanika zinaacha arm irudi nyuma ukifunga breki, tairi likabadili uelekeo. Kama likiendelea kuvuta baada ya bushi mpya, kagua breki zenyewe, pengine pistoni ya upande mmoja imekwama.

Ukimaliza, peleka gari wakapime alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, la sivyo matairi yatalika upande. Na fundi akiwa bado chini, aumulike pia mpira wa CV joint, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi. Ukiuona una ufa na grisi imetapakaa ndani ya rimu, ubadilishwe siku hiyohiyo, kabla vumbi la Muheza halijaingia kwenye gololi.